Kabla ya Kuhubiri Ethiopia, Keti Uabudu Pamoja na Wenyeji

Kikundi cha usharika kinapojiandaa kwenda Ethiopia kwa safari ya umisioni, ratiba huanza na kazi: semina ya vijana, kupaka rangi madarasa, huduma ya afya ya siku moja, mkutano wa injili. Ibada ya Jumapili huingizwa baadaye, nayo huhesabiwa kuwa nafasi ya wageni kutambulishwa, kuimba wimbo mmoja na kupewa kipaza sauti. Nimekwenda huko pamoja na Wakristo wenzangu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), tukapokewa na sharika za Kanisa la Kiinjili la Mekane Yesus jijini Addis Ababa na baadaye Wollega, magharibi mwa nchi, wakati ambapo barabara ya kuelekea huko ilikuwa bado salama kwa wageni. Ushauri ninaoutanguliza kwa kila anayejiandaa ni kwamba Jumapili ya kwanza asihubiri mtu yeyote wa kikundi chenu. Ketini kwenye mabenchi katikati ya waumini, simameni wanaposimama, pigeni magoti wanapopiga magoti, na mlisikilize neno la Mungu kutoka kinywani mwa mchungaji wao, hata kama mkalimani atawanong'oneza nusu tu ya yanayosemwa.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu kanisa mnaloliendea si changa. Mekane Yesus ilianzishwa rasmi mwaka 1959, miaka minne kabla ya makanisa saba ya Tanganyika kuungana mwaka 1963 na kuunda kanisa letu, na leo yote mawili yamo miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani. Mizizi ya Injili katika eneo la Waoromo, wenyeji wa Wollega, inarudi nyuma zaidi, hadi kwa Onesimos Nesib, aliyetekwa utotoni akauzwa utumwani, akakombolewa Massawa kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, akasomeshwa na wamisionari wa Kiswidi, kisha akaitafsiri Biblia nzima katika Kioromo akisaidiwa na Aster Ganno, mwanamke ambaye yeye pia alikuwa ameokolewa kutoka utumwani. Biblia hiyo ilichapwa mwaka 1899. Baadaye Onesimos alirudi Wollega akafundisha na kuhubiri huko mpaka alipofariki mwaka 1931. Hivyo basi, mgeni anayesimama mbele ya watu wa Nekemte, mji wa Wollega, na kuzungumza kana kwamba yeye ndiye anayewaletea Injili kwa mara ya kwanza, anazungumza na wajukuu wa watu walioipokea kutoka kwa mwenzao.

Nao walilipa gharama kubwa kwa ajili yake. Chini ya utawala wa kijeshi wa Derg, uliodumu hadi mwaka 1991, makanisa mengi ya Wollega yalifungwa au yakageuzwa kwa matumizi mengine, na waumini wakakutana majumbani kwa siri. Katibu Mkuu wa Mekane Yesus, Mchungaji Gudina Tumsa, alipata nafasi ya kuikimbia nchi akaikataa, kwa kuwa hakuwa tayari kuliacha kundi lake katika wakati wa majaribu. Tarehe 28 Julai 1979, alipokuwa akitoka kwenye ibada jijini Addis Ababa pamoja na mkewe Tsehay Tolessa, watu wa serikali walimteka na kumuua. Mabaki yake hayakupatikana mpaka mwaka 1992, na mkewe alikaa kizuizini kwa takriban miaka kumi. Mwombeni mwenyeji wenu awasimulie habari hizi kabla ya Jumapili, si baada yake. Ukiwa unazijua, utayatazama tofauti mabenchi ya mbele wanakoketi wazee, na hutakuwa na haraka ya kuwafundisha watu hao somo la kuvumilia mateso.

Kuna jambo jingine la Gudina ambalo kila kikundi cha umisioni kingepaswa kulitafakari kabla ya kupanga ratiba. Mwaka 1972, Gudina akiwa Katibu Mkuu, Mekane Yesus iliyaandikia makanisa wahisani ya nje kupitia Shirikisho la Kilutheri Duniani, ikieleza kwa adabu lakini bila kuficha kwamba fedha za shule, hospitali na visima zilipatikana kwa urahisi kuliko fedha za kueneza neno la Mungu, ilhali mtu ni mmoja, mwili na roho, na haifai kumgawa vipande. Waliozoea kuambiwa kwamba Afrika inahitaji tu maendeleo walishangaa. Kwangu mimi ujumbe huo unazihusu pia safari zetu wenyewe, za Waafrika kwenda kwa Waafrika: tunaposhika brashi na rangi siku sita, tukafika kanisani siku ya saba tumechoka na kusinzia, tumemgawa mtu vipande vilevile.

Sasa niyaguse mambo ya kalenda, kwa kuwa yamevuruga mipango ya wengi. Mwaka wa Ethiopia una miezi kumi na mitatu, huanza Septemba, na huwa nyuma ya mwaka wetu kwa miaka saba au minane. Walutheri wa huko husherehekea Krismasi tarehe 7 Januari pamoja na nchi nzima, na Pasaka yao hufuata hesabu ya Waorthodoksi. Mwaka 2024, kwa mfano, sisi tulisherehekea Pasaka tarehe 31 Machi, wao wakaisherehekea tarehe 5 Mei. Kikundi kinachoondoka Tanzania kikiwa bado kinaimba nyimbo za ufufuo kinaweza kukuta nchi iko katikati ya mfungo, na mahubiri kuhusu kaburi tupu yakawa yametangulia wakati wake. Kuhusu saa, Mungu ametupendelea, maana wao huhesabu saa za mchana kuanzia alfajiri kama sisi, na saa tatu yao ndiyo saa tatu yetu. Hata hivyo, makubaliano yakifanyika kwa Kiingereza, ulizeni ni hesabu ipi inayotumika, kwa sababu wenyeji waliozoea wageni wa Ulaya hubadilisha saa bila kutaja.

Ibada yenyewe ni ndefu na ina uhai mwingi. Mlutheri wa Tanzania ataitambua liturujia, lakini atashangazwa na kiasi cha maombi, kwa kuwa uamsho wa kiroho umelijaza kanisa hilo kwa miaka mingi na usharika mzima huomba kwa sauti wakati mmoja, huku wanawake wakipiga vigelegele na kwaya zikiyumba taratibu katika majoho yao. Katika sharika zinazotumia Kioromo, mna faida ambayo wageni wengi hawaijui: tangu mwaka 1991 lugha hiyo huandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini, na Mswahili anaweza kukishika kitabu cha nyimbo na kuimba tangu siku ya kwanza hata kama hajui maana. Irabu zikiandikwa mbili, zivuteni. Katika usharika mmoja wa Wollega, mzee wa kanisa aliyeketi kando yangu alikifungua kitabu katikati yetu, akafuata kila mstari kwa kidole kilichokomaa kwa jembe, na kila nilipochelewa aligonga karatasi mara moja, polepole, hapo niliposhindwa. Tulipofika ubeti wa tatu kidole kilitulia, nami nikawa ninaimba pamoja naye. Sijui njia bora zaidi ya kujitambulisha kwa Wakristo wa mahali pageni. Katika sharika za Kiamhari mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa herufi zao ni tofauti kabisa, na hapo inatosha kujifunza pambio moja au mawili kwa kusikia, mkifundishwa Jumamosi na vijana wa kwaya.

Wakati wa maombezi, hasa watu wanapoombewa kufunguliwa na wengine kuanguka au kulia, simu zikae mifukoni. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimewahi kuona picha za dada aliyekuwa katika hali hiyo zikisambazwa na watu ambao hata jina lake hawakulijua, kama ushuhuda wa safari yao.

Ikiwa baadaye mtaombwa kuhubiri, pokeeni kwa heshima na mjiandae kwa namna ya pekee. Mahubiri ya Kiswahili yanayotafsiriwa kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kioromo, huchosha watu na kupoteza maana njiani, hivyo kama yupo kati yenu anayeweza kuhubiri kwa Kiingereza chepesi, huyo ndiye ahubiri. Mkalimani apewe masomo na hoja kuu jana yake. Sentensi ziwe kamili na fupi, kwa maana hawezi kutafsiri nusu ya wazo. Methali na utani wa nyumbani viachwe nyumbani. Kama umepewa nusu saa, andaa maneno ya dakika kumi na tano, kwa kuwa nusu ya muda huo ni ya mkalimani.

Kuhusu Meza ya Bwana, Walutheri wa Tanzania hawana kizuizi, kwa kuwa makanisa wanachama wa Shirikisho la Kilutheri Duniani yalikubaliana mwaka 1984 kushirikiana madhabahuni na mimbarani. Bado ni adabu kumwuliza mchungaji mapema jinsi wanavyopokea. Kwa ndugu wa Kanisa la Orthodoksi la Tewahedo, kanisa la kale la Ethiopia, hali ni tofauti. Ukialikwa kuhudhuria ibada yao, na ninakusihi usiikose nafasi hiyo, vaa nguo za heshima, mwanamke ajifunike kichwa kwa shuka jeupe, vua viatu mlangoni, usimame upande unaoelekezwa, na usiende mbele kupokea, maana sakramenti yao ni kwa waumini wao waliofunga na kujiandaa. Ibada huanza alfajiri na huendelea kwa saa kadhaa watu wakiwa wamesimama, baadhi wakiegemea fimbo ndefu. Hata usipoelewa neno la Kigeez, lugha yao ya kale ya ibada, utakuwa umesimama ndani ya sala ya Kiafrika iliyoanza karne nyingi kabla ya meli yoyote ya wamisionari kutia nanga katika pwani yetu. Kumbukeni pia kwamba Waorthodoksi hawali nyama, maziwa wala mayai siku za Jumatano na Ijumaa nyakati nyingi za mwaka, na kwa siku 55 kabla ya Pasaka; kikundi kinachochoma nyama uani siku hizo kinawaumiza majirani wa wenyeji wenu, na wenyeji ndio watakaobaki na majirani hao.

Baada ya ibada msikimbilie gari. Mtaitwa nyumbani kwa kahawa, na kahawa ya Ethiopia huandaliwa mbele ya mgeni: punje mbichi huoshwa, hukaangwa, moshi wake hupitishwa kwa kila mtu aunuse, hutwangwa, kisha hupikwa katika birika la udongo na kumiminwa kwa mizunguko mitatu. Kuondoka baada ya kikombe cha kwanza ni kumwambia mwenyeji kwamba mna jambo bora zaidi la kufanya. Katika mizunguko hiyo ndipo watu hueleza wanachokihitaji katika maombi, ndipo mama wa nyumba hutaja mwanawe aliye katika nchi za Ghuba au gerezani, na ndipo mnapoombwa kuomba. Zawadi za fedha msiziweke mikononi mwa watu mmoja mmoja. Toeni kwenye kapu la sadaka kama waumini wengine, na kubwa zaidi zipitie kwa mhasibu wa usharika mbele ya wazee. Wala msiahidi chochote kwa niaba ya watu walioko Tanzania ambao hamjawauliza.

Mkirudi, andikeni majina ya sharika hizo katika maombi ya Jumapili ya usharika wenu, wapigieni simu siku ya Pasaka yao, si ya kwetu, na anzeni kuchanga nauli ya wao kuja. Studio ya Sauti ya Injili ya Moshi iliwahi kuandaa vipindi vya Kiswahili vilivyorushwa na redio ya Kilutheri ya Addis Ababa, mpaka Derg ilipoitwaa redio hiyo mwaka 1977, kwa hiyo njia kati yetu na wao si mpya. Ndege hutoka Addis Ababa moja kwa moja hadi Kilimanjaro. Wakifika, Jumapili ya kwanza ketini nao kwenye mabenchi, na ya pili muwaombe wahubiri.