Cuffee ni Juma: kwa mnaoanza kusoma utumwa wa Karibi

Juma wa kwanza niliyekutana naye Jamaika aliandikwa Cuffee, nami sikumtambua. Nilikuwa mbele ya picha ya ukurasa wa daftari la watumwa la mwaka 1817, nahesabu majina kama karani wa ghala, nikampita. Miezi mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Waakan wa Ghana, kama sisi, humwita mtoto kwa siku aliyozaliwa. Kofi, mtoto wa Ijumaa, alipofika kwenye kalamu ya Mwingereza akawa Cuffee. Basi Quao ni Hamisi. Cubbenah ni Jumanne. Na Phibba, jina utakalokutana nalo shamba hata shamba, ni Mwanajuma wetu.

Nawaandikia wadogo zangu mnaoanza utafiti wa Karibi, hasa mnaotoka huku kwetu. Wengi mnaingia kupitia Walter Rodney, mwanahistoria Mguyana aliyefundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mpaka 1974, na mnafika na hasira tayari. Hasira hiyo ni halali, lakini haikusomei daftari.

Daftari lenyewe ujue lilitoka wapi. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na Uingereza mwaka 1807, lakini utumwa wenyewe ukaendelea. Ili wenye mashamba wasiingize watu kwa magendo, makoloni yakatakiwa kuandikisha watumwa wote. Trinidad ilianza 1813. Jamaika 1817, kisha kila baada ya miaka mitatu hadi 1832. Jina, rangi, umri, Mwafrika au Mkrioli (yaani aliyezaliwa kulekule Karibi), maelezo. Aliyeandika hakuwa na haja ya kumjua Cuffee. Alikuwa anahesabu mali.

Sasa makosa yangu, ili msiyarudie. Katika rasimu ya kwanza niliandika kwa kujiamini kabisa kwamba mwanamke aitwaye Cuba aliletwa kutoka kisiwa cha Kuba. Msimamizi wangu hakusema neno, akachora alama ya kuuliza kwa wino mwekundu. Nilihangaika wiki nzima. Cuba ni mwanamke aliyezaliwa Jumatano! Juba naye hana habari na Sudani Kusini. Ni wa Jumatatu.

Nilipolijua hilo nikapindukia upande wa pili. Nikahesabu kila Cuffee na kila Cudjoe, nikatangaza kuwa robo nzima ya shamba ni Waakan. Wino mwekundu tena. Majina ya siku yalishazoeleka Jamaika, akapewa yeyote: Mwigbo, Mkongo, mtoto aliyezaliwa palepale. Quashie, ambaye ni wa Jumapili tu, aligeuzwa na wazungu kuwa tusi la kumwita mtu mweusi mpumbavu. Tena kwenye ukurasa huohuo utakuta Caesar, Venus na London, majina ya mzaha ambayo bwana aliwabandika watu kama anavyoita mbwa. Kwa hiyo jina linakuambia aliitwaje na waliokuwa wakimwita. Kwao ni wapi, utafute kwingine.

Kiswahili kitawasaidia, na kitawaponza. Pwani yetu ilikuwa na msamiati wake wa utumwa: mjinga alikuwa mtumwa mgeni aliyetoka bara, mzalia aliyezaliwa hapahapa. Ukiona safu ya "Mwafrika au Mkrioli" akili inaruka moja kwa moja kwenye mjinga na mzalia, na kwa kiasi fulani inapatia. Lakini simama. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa Pwani, mtoto ambaye bwana alizaa na suria wake alikuwa huru. Jamaika mtoto alifuata hali ya mama, hata kama baba yake ndiye mwenye shamba, hata kama wanafanana pua. Baba angeweza kumwacha mwanawe kama urithi kwa mtu mwingine, sawa na ng'ombe. Ukitumia neno "suria" kwa Phibba bila maelezo, umemdanganya msomaji.

Neno linalokaa vizuri ni nyapara. Kila kikosi cha miwa kilikuwa na nyapara mwenye mjeledi, na yeye mwenyewe alikuwa mtumwa. Lisilokaa kabisa ni "nyam", yaani kula kwa Kijamaika. Kila Mswahili ninayemfundisha hushangilia: nyama! Hapana. Asili yake ni Afrika Magharibi. Shangilieni shelisheli badala yake: kapteni Bligh aliileta miche yake kutoka Tahiti mwaka 1793, ili watumwa wa Saint Vincent na Jamaika wapate chakula rahisi. Na samaki wa chumvi anayeliwa leo Jamaika kama fahari ya taifa, ng'onda yule, aliingia kama posho ya watumwa, akiletwa kutoka Amerika Kaskazini, na mara nyingi yule mbovu ambaye soko la Ulaya lilimkataa.

Kabla hujaandika neno lolote kuhusu kazi, nunua juisi ya miwa barabarani, iache mezani hadi jioni, kisha onja. Ukionja utaelewa kwa nini watu walifanya kazi usiku kucha. Muwa ukikatwa haungoji; usipokamuliwa upesi unachacha. Kwa hiyo kuanzia Januari, msimu wa mavuno, kinu na masufuria ya kuchemshia vilienda kwa zamu, na waliokata miwa mchana waliingia zamu ya usiku wakisinzia. Kinu kikivuta vidole kilivuta na mkono. Shoka liliwekwa karibu, la kumkata mtu mkono kabla hajamezwa mwili mzima. Nilisoma habari ya shoka hilo mara ya kwanza nikadhani ni chumvi ya wapinga utumwa. Baadaye nikaikuta kwa waandishi wa pande zote mbili.

Hapo nije kwenye jambo ambalo mimi hakuna aliyenionya. Iko shajara ya Thomas Thistlewood, msimamizi wa shamba aliyeishi Jamaika tangu 1750 hadi kufa kwake 1786. Aliandika karibu kila siku: mvua, mbegu, viboko, na wanawake aliowaingilia, haya ya mwisho kwa Kilatini kibovu. Aliandika bila aibu wala majuto, kwa sauti ileile ya kuandika mvua. Usiisome peke yako usiku. Usiinukuu ovyo ili kumshtua mwalimu. Na ukimaliza kurasa kumi toka nje, zungumza na mtu juu ya mpira.

Lakini isome, kwa sababu ndani yake yumo Phibbah, mwanamke aliyeishi naye miaka zaidi ya thelathini. Alishona, alifuga, aliuza, na kuna nyakati alimkopesha pesa bwana wake. Mtumwa akimkopesha bwana! Uhuru aliupata baada ya bwana kufa. Mimi bado sijui nimweke kwenye sura gani ya maandishi yangu, na namshuku mtu yeyote anayesema anajua.

Kuhusu fidia mtaandika sana, kwa hiyo nitapita haraka. Sheria ya Uingereza ya 1833 ya kukomesha utumwa ilitenga pauni milioni 20, zikaenda kwa wenye watumwa. Watumwa wakapewa uanagenzi wa lazima, yaani kuendelea kuwatumikia mabwana walewale, hadi Agosti 1838. Deni la mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya fidia hiyo lilimalizwa kulipwa 2015. Haiti, iliyojikomboa kwa vita na kutangaza uhuru tarehe 1 Januari 1804, mwaka 1825 ililazimishwa na Ufaransa kukubali kulipa faranga milioni 150, zikapunguzwa baadaye kuwa 90. Majina ya waliolipwa na Uingereza yamo katika hazina ya data ya University College London, bure. Zanzibar, utumwa ulipofutwa kisheria 1897, mkondo ni uleule: aliyelipwa ni bwana. Andikeni mlinganisho huo, ni wenu.

Mtauliza pia kama kuna watu wetu kule. Wapo. Mwishoni mwa karne ya 18 meli za Wafaransa zilichukua watu Msumbiji hadi Saint-Domingue, ndiyo Haiti ya leo, na matangazo ya watumwa waliotoroka yanawataja kwa neno "Mozambique". Hiyo ni bandari waliyopakiwa. Makabila yao, Wamakua na wengine, yamefichwa nyuma ya neno moja. Yale ya Cuffee, tena.

Kwa kuanzia, chukua shamba moja tu, dogo, watu arobaini au hamsini. Soma 1817, kisha 1820, kisha 1823, ukifuatilia kwa penseli waliozaliwa na waliokufa. Watoto wataongezeka kidogo, wazee watapungua sana. Baba hatajwi. Jina la mama, pale lilipoandikwa, liko safu ya mwisho, mkono wa kulia.