Ile karatasi nyeupe ndiyo jua

Ndugu, umeuliza watu wanaona nini kwenye mchoro wa Cézanne, yule mchoraji Mfaransa, wa mlima Sainte-Victoire, ule wa rangi za maji, wakati nusu ya karatasi iko tupu na penseli imeachwa wazi. Nami niliupita hivyo hivyo kwa miaka, hadi siku nilipojaribu kuunakili.

Nilichora mgongo wa mlima kwa mstari mmoja safi, nikajaza anga bluu na bonde kijani. Nilipomaliza, mlima wangu ulionekana kama umekatwa kwa mkasi ukabandikwa. Nikarudi kwenye mchoro wake, safari hii kwa kuukodolea macho. Mgongo wa mlima hauna mstari mmoja! Iko kadhaa, mifupi, inakatika na kuanza tena pembeni kidogo, na bluu imemwagikia upande wa anga. Jicho halipati pa kutua, linapanda na kushuka na mteremko. Ndiyo maana mlima wake unapumua na wangu haukupumua.

Halafu tazama kingo za madoa. Kila doa lina ukingo mwembamba uliokolea, pale maji yalipokaukia. Yaani aliliacha likauke ndipo akaweka jingine juu yake, kijani juu ya zambarau, na zote mbili bado unaziona. Unachokiona kama haraka kilikuwa na kungoja kwingi ndani yake.

Na huyu hakuwa mtu wa kushindwa kumaliza. Alizaliwa Aix-en-Provence, mji wa kusini mwa Ufaransa, mwaka 1839, mlima huo ukiwa jirani yake. Mwaka 1902 akahamia studio mpya kwenye kilima cha Les Lauves, na kutoka kilimani huko akauchora tena na tena hadi alipofariki mwaka 1906. Alijua pa kuishia.

Sehemu tupu ndiyo iliyonichukua muda zaidi. Kwenye rangi za maji, mwanga mkali kuliko wote ni karatasi yenyewe, na ukishaifunika huipati tena kirahisi. Chukua nakala iliyochapwa, kata vipande vya karatasi ya kijivu, uvilaze juu ya yale mapengo ya bondeni, kisha usogee nyuma hatua mbili. Mimi nilipofanya hivyo, bonde zima lilizama kivulini. Nikaviondoa kimoja kimoja, na jua likarudi.