Uanaume na macho ya watu: majibu kwa maswali yenu

Mada ya safari hii ni jinsia na malezi ya kiume. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Nikisoma makala za kitaaluma nakutana na "jinsi" na "jinsia". Ni neno moja lililoandikwa namna mbili, au ni mawili? (Mwanafunzi wa chuo)

Ni mawili, angalau kwa wataalamu. Jinsi ni maumbile: kromosomu, homoni, viungo vya uzazi. Jinsia ni yale ambayo jamii imeyapachika juu ya maumbile hayo: nani avae nini, nani alie hadharani, nani aamke usiku mtoto akikohoa. Mtaani, na hata kwenye fomu nyingi, "jinsia" hubeba yote mawili, kwa hiyo usiwe mwepesi wa kumsahihisha mtu. Muulize anamaanisha lipi.

Kipimo chepesi ni hiki: je, jambo hili lingebadilika kama mtoto huyuhuyu angezaliwa kwingine au karne nyingine? Kubeba mimba hakubadiliki. Rangi hubadilika. Mwaka 1918 jarida la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani liliwaeleza wauzaji kwamba pinki ni ya wavulana kwa kuwa ina nguvu, na buluu ni ya wasichana kwa kuwa ni ya upole. Viatu vya mchuchumio vilivaliwa na wanaume wakubwa wa Ulaya karne ya 17, na mfalme Louis XIV wa Ufaransa alijulikana kwa visigino vyake vyekundu. Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipigwa picha mwaka 1884 akiwa mtoto mdogo, amevaa gauni na nywele ndefu. Wakati ule hakuna aliyeshtuka. Watoto wa kiume wa familia za hadhi ile walivaa hivyo.

Kuna wanaodai lugha ndiyo inayotufundisha ubaguzi. Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja tu, hakijali ni Asha au Juma, na bado wasemaji wake tunajua vizuri sana kuwatenga. Sarufi haina hatia hapo.

Rafiki yangu anasema mjadala huu ni kupoteza muda, kwa sababu testosteroni ndiyo inayoamua kila kitu. Nimjibu nini? (Msomaji wa kiume, miaka 29)

Usimjibu kwamba homoni haina kazi. Inayo: hunenepesha sauti, huongeza misuli, huotesha ndevu. Mjibu kwamba barabara hiyo ina njia mbili, na yeye anaitazama moja.

Huko Cebu, Ufilipino, watafiti waliwafuatilia vijana 624. Waliwapima mwaka 2005 wakiwa na miaka ishirini na kidogo, wakawapima tena mwaka 2009, na matokeo yakachapishwa 2011. Wenye testosteroni ya juu mwanzoni ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mwenza na mtoto. Hapo rafiki yako atatabasamu. Mwambie asubiri: wale waliokuja kuwa baba walishuka kiwango kwa kiasi kikubwa kuliko waliobaki peke yao, na miongoni mwa hao akina baba, waliotumia saa 3 au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto walikuwa chini kuliko wale wasiomgusa. Yaani kazi anayoifanya mtu inaingia mpaka kwenye damu yake.

Halafu kuna hili la "wanaume kwa asili hupenda kushindana". Uchunguzi uliochapishwa 2009 uliwapa watu mpira wa tenisi na ndoo iliyowekwa mita 3 mbele, kila mmoja akirusha mara 10. Kabla ya kurusha, ulichagua: kulipwa kiasi kidogo kwa kila mpira unaoingia, au kulipwa mara tatu kwa kila mpira, lakini tu ukimshinda mtu usiyemwona. Kwa Wamasai wa Tanzania, nusu ya wanaume walichagua kushindana, dhidi ya robo hivi ya wanawake. Kwa Wakhasi wa kaskazini-mashariki mwa India, ambako ukoo na mali hufuata upande wa mama, meza ilipinduka: wanawake asilimia 54, wanaume 39. Jamii mbili hazitoshi kuieleza dunia nzima, na zinatofautiana kwa mengi zaidi ya urithi. Lakini zinatosha kuliondoa neno "asili" mdomoni mwa anayelitumia ovyo.

Na kama akisema mwanaume hana mkono wa kulea mchanga, mtajie watu wa Aka wa misitu ya Afrika ya Kati. Mtafiti aliyeishi nao alikuta baba yupo umbali wa kumfikia mtoto wake mchanga kwa mkono karibu nusu ya siku nzima.

Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Akianguka analia, na babu yake humwambia "mwanamume halii, jikaze". Sitaki kumvunjia mzee heshima, wala sitaki mtoto afundishwe kumeza kila kitu. Nifanyeje? (Mama)

Mama, jua kwanza kwamba mafunzo hayo hayakuanza kwa babu. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani waliwaonyesha watu wazima zaidi ya 200 mkanda wa mtoto wa miezi 9 akichezea vitu, kikiwemo kiboksi ambacho kikaragosi huchomoka ghafla. Mtoto alishtuka na kulia. Walioambiwa ni wa kiume wakasema amekasirika; walioambiwa ni wa kike wakasema ameogopa. Mtoto ni mmoja, kilio ni kilekile. Sasa fikiria mtoto anayetafsiriwa hivyo miaka sita mfululizo. Anayeonekana ameogopa hukumbatiwa. Anayeonekana amekasirika huachwa atulie mwenyewe, au hukaripiwa. Akifika darasa la kwanza ameshajua hisia moja tu ndiyo yenye ruhusa.

Akianguka, anza na mwili. Tazama goti, osha, futa. Usimuulize "unalia nini?", maana mtoto husikia amekosea. Kisha mpe majina ya kuchagua: "Umeumia, umeogopa, au umeona haya kwa sababu wenzako wamekuona?" Wa miaka sita anaweza kuchagua neno kabla hajaweza kulitafuta mwenyewe. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu moyoni hadi kumi. Wazazi wengi hurukia jibu kwenye tatu. Mwishowe mpe kazi ya mikono: ashike kitambaa, abonyeze kidonda, apulize pumzi ndefu. Hapo ndipo "jikaze" inapopata mahali pake. Neno lenyewe halina ubaya. Ubaya ni kulitanguliza.

Makosa yanayoharibu zoezi hili ni matatu, na la tatu ndilo kubwa. Moja ni kumhutubia mbele ya watu kwamba wanaume nao hulia; umemfanya onyesho. La pili ni kurefusha mahojiano mpaka mtoto agundue kulia kunalipa. La tatu, ambalo akina mama hawalioni, ni kuwa wewe peke yako ndiye mpole. Mtoto akipata upole kwa mama tu, hujifunza kwamba upole ni kitu cha kike, na akianza kutafuta uanaume wake atauacha kwako kama anavyoacha kaptula iliyombana.

Kwa hiyo babu humkwepi, unamhitaji. Usimsahihishe mbele ya mjukuu. Mfuate akiwa peke yake, na usimpelekee hoja; mpelekee ombi: "Baba, akianguka tena naomba wewe ndiye umuoshe kidonda, mikono yako anaiamini." Wazee wengi hukataa somo lakini hawakatai kazi. Atakapokuwa ameinama anaosha goti lile, hata akisema "jikaze", mtoto atakuwa amelisikia kutoka kwa mtu aliyemgusa.

Mbona lawama zote ni za wanaume? Si sisi wanawake tunaowalea? (Dada, msomaji wa siku nyingi)

Kweli kabisa. Mfumo dume hauna walinzi wa jinsi moja. "Wewe mwanamume gani?" ni swali linalotoka vinywani mwa mama, dada, mke na mchumba, na huuma zaidi hapo kuliko likitoka kwa rafiki. Lifute wiki moja tu nyumbani kwako uone ni mara ngapi lilikuwa linataka kutoka.

Nina miezi 8 bila kazi na mke wangu ndiye anayelisha nyumba. Hanidharau. Lakini najiona si mwanamume. Vyombo naosha, ila nikisikia hodi naviacha. (Baba wa watoto wawili)

Ndugu yetu, hiyo hodi ndiyo jibu. Sahani haikubadilika kati ya kabla ya hodi na baada yake. Kilichobadilika ni macho. Wanasaikolojia wanaochunguza uanaume wanaeleza kwamba katika jamii nyingi uanawake huonekana kama kitu mtu anachokua nacho, ilhali uanaume huonekana kama cheo: hupatikana kwa kuonyeshwa, na huweza kunyang'anywa. Methali yetu "mume ni kazi" inakata kuwili hapo. Kazi ikiondoka, anaondoka nani?

Ule mgawanyo wa "baba analeta, mama anapokea" nao una umri. Katika Ulaya ulipata nguvu pale viwanda vilipoitenganisha nyumba na mahali pa kazi. Kabla ya hapo kaya za wakulima na mafundi zilizalisha pamoja, watoto wakiwemo.

Sasa vitendo. Usisaidie kazi za nyumbani, zichukue. Kila kazi ina sehemu tatu: kuiona, kuipanga, kuitenda. Chukua kufua. Kuona ni kujua sabuni imebaki ya mara moja. Kupanga ni kujua sare za shule zinatakiwa ziwe zimekauka Jumapili jioni. Kutenda ni kusugua. Anayesaidia hufanya ya tatu akingoja kuambiwa, na mzigo wa mbili za kwanza unabaki kichwani mwa mkeo. Wiki ya kwanza andikeni kila kazi ya nyumba, hata ndogo. Chagua tatu uzibebe nzima kwa wiki nne. Kabla hujaanza kubalianeni kiwango ("vyombo vimekwisha" maana yake sinki nayo imesuguliwa?), kisha yeye asirudie ulichofanya. Mipango hii hufia sehemu mbili: mke anaposuguasugua upya, na mume anaposubiri pongezi. Shukrani ni nzuri, ila yeye naye hapongezwi kwa zake.

Kuhusu hodi: chagua rafiki mmoja unayemwamini, mkaribishe, na uendelee kuosha huku mkiongea. Mmoja tu. Macho ya mtu mmoja anayekuchukulia kawaida hupunguza nguvu ya mengine yote. Hata serikali zimegundua hivyo. Sweden iliruhusu wazazi kugawana likizo ya uzazi mwaka 1974, na kwa miaka mingi wengi wa akina baba waliwaachia wake zao. Mwaka 1995 ikatengwa sehemu ya baba peke yake, asipoichukua inapotea, na wanaoichukua wakaongezeka haraka. Mwanaume aliyeogopa kuchekwa kazini alipata la kusema: nisipokwenda, tunapoteza mwezi.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Duniani, kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, wanaume hujiua kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wanawake. Usingizi ukikatika kwa wiki, pombe ikiongezeka, hasira ikawaka kwa vitu vidogo, nenda kituo cha afya. Mawazo ya kufa yakija, mwambie mtu leo, usingoje kesho.

Naongoza kikundi cha wavulana 20, miaka 14 hadi 17. Nikizungumzia uanaume wanacheka. Kuna njia? (Mwalimu)

Ipo, Mwalimu, na inahitaji uache kuhutubia. Ni zoezi la boksi, lililoanza kwa wanaume wa Oakland, California, miaka ya 1980. Wagawe makundi mawili. Zaidi ya 15 ni wengi mno. Tenga dakika 90. Chora boksi kubwa kwenye karatasi ya ukutani na uulize: "Mtu akikwambia 'kuwa mwanamume', anataka ufanye nini?" Andika ndani ya boksi maneno yao yenyewe, usiyapambe. Dakika 15 zinatosha. Kisha nje ya boksi: anayetoka humu huitwaje, na hufanywaje? Waache wagundue wenyewe ni matusi mangapi humfananisha na mwanamke.

Hapo ndipo viongozi wengi huharibu, kwa kuuliza: "Nani amewahi kuitwa hivyo? Nyoosheni mikono." Hakuna mkono utakaonyooka, na mcheshi wa kundi atamtaja mwenzake. Katika jaribio moja la mwaka 2009, wanaume waliopewa kusuka nywele za sanamu, kisha wakaambiwa wachague kati ya fumbo la kichwa na kupiga gunia la ngumi, walichagua ngumi zaidi kuliko wenzao waliosuka kamba. Uanaume ukiguswa mbele ya watu, hutafuta kujirudishia kwa nguvu. Kwa hiyo tumia vikaratasi: kila mmoja aandike bila jina, akunje, vichanganywe. Visome kwanza kimya wewe mwenyewe. Ukikuta kinachoashiria mtoto anapigwa au ananyanyaswa, usikisome kwa sauti. Tangazia kundi zima utakakokuwa baada ya kipindi, na uwe umeshajua mapema ni mshauri gani wa kumpeleka.

Usimalize kwa kulilaani boksi. Mna ushujaa humo, kulinda wadogo, kubeba majukumu, na wavulana wanavithamini. Chora safu tatu: nabaki nacho, nakiacha, inategemea. Wabishane kwenye hiyo ya tatu, ndiyo yenye uhondo, na wewe ubaki kuwa mwandishi tu. Wakimaliza, vikaratasi vichane mbele yao kabla mlango haujafunguliwa.