Wasia wa mwajiri: mshahara wa mwezi ule atalipa nani?

Mkuu, umesema biashara ni yako binafsi, hujaisajili kama kampuni, una wafanyakazi saba, na unataka wasia utakaowalinda siku ukifumba macho. Waliotangulia kujibu wameng'ang'ania nani arithi nini. Mimi naanza na tarehe ya mshahara, maana mambo hukwamia hapo.

Biashara ya mtu binafsi haina uhai wake mbali na mwenyewe. Benki ikipata taarifa ya kifo hufunga akaunti mpaka msimamizi wa mirathi alete barua ya mahakama, na barua hiyo huweza kuchukua miezi. Ile hati ya uwakilishi uliyompa meneja ili asaini hundi haitamsaidia. Kwa kawaida inakufa pamoja nawe, na atakayeitumia baada ya hapo, hata kwa nia njema ya kulipa watu, anajitafutia kesi.

Hatima ya mikataba ya kazi inategemea nchi. Kwa kanuni ya zamani ya Uingereza, iliyosambaa kwenye makoloni yake, kifo cha mwajiri binafsi huvunja mkataba. Kesi inayotajwa ni Farrow v Wilson ya 1869. Siku hizi hukohuko Uingereza msimamizi ana wiki 8 za kuwarudisha watu kazini bila wao kuhesabiwa kuwa wamepunguzwa. Ufaransa, biashara ikienda kwa mrithi, mikataba inaenda nayo. Kwa hiyo muulize wakili wako hili kabla hamjafika kwenye nyumba na viwanja.

Kwenye wasia wenyewe, kinachosahaulika sana ni mamlaka ya kuendesha biashara. Msimamizi asiyepewa mamlaka hayo kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa. Akiendelea kuagiza mzigo, madeni mapya yanaweza kumwangukia yeye binafsi, ndiyo maana msimamizi mwoga hufunga mlango wiki ya kwanza (na simlaumu). Andika wazi aendeshe kwa muda gani, tuseme miezi 12, atumie mali ipi na asiguse ipi, na kwamba hasara atakayoipata kwa kufuata maagizo yako ifidiwe na mirathi. Taja na msimamizi wa akiba.

Sasa zawadi kwa wafanyakazi. "Wafanyakazi wangu wote wapewe mshahara wa miezi mitatu" ni sentensi ya kuzalisha ugomvi. Wote wa lini, siku ya kuandika au siku ya kufa? Kibarua wa msimu yumo? Aliyeacha kazi mwezi uliopita? Tena kuna mtego: katika nchi zinazofuata sheria za Kiingereza, zawadi inayolingana na deni au kulizidi inaweza kuchukuliwa kuwa ndiyo malipo ya deni lenyewe. Kwa hiyo iandikwe hivi: "Kila aliye kwenye ajira yangu ya kudumu siku ya kifo changu, na ametumikia miaka miwili mfululizo, apewe mshahara wake wa miezi mitatu. Zawadi hii ni nje ya mshahara, likizo na kiinua mgongo anachodai."

Kwa anayefuata sheria ya Kiislamu, mshahara unaodaiwa ni deni, hivyo unatoka kabla ya wasia na kabla ya urithi. Zawadi kwa mfanyakazi asiye mrithi inaingia kwenye theluthi ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni.

Tena usiwaite wafanyakazi hao hao kuwa mashahidi kwa sababu tu wako karibu na meza yako. Kwa sheria ya Uingereza ya 1837, shahidi aliyeandikiwa zawadi, au ambaye mwenzi wake ameandikiwa, anaipoteza zawadi hiyo ingawa wasia unabaki halali. Tafuta watu wawili wasio na chao humo, wote wawepo chumbani unaposaini.

Bima ya maisha kwa kawaida haisubiri mirathi, ila fedha ni za mnufaika aliyetajwa, na hakuna anayemlazimisha kuzigeuza mishahara. Ukibadili biashara kuwa kampuni, mwajiri hafi nawe. Lakini ukiwa mkurugenzi pekee na mwanahisa pekee, soma katiba ya kampuni uone nani anaweza kuteua mkurugenzi mwingine.

Pembeni ya wasia weka faili la msimamizi: mikataba, tarehe ya kila mmoja kuanza kazi, mshahara, siku za likizo alizobakiza, mkopo aliochukua kazini. Lihuishe kila robo mwaka. Lisibanwe pamoja na wasia, na wasia usitolewe pini ili utolewe kopi, maana matundu ya pini yasiyo na karatasi huwafanya watu waulize ni ukurasa gani umenyofolewa.