Kupima thamani ya mazingira katika miji midogo ya Kusini: anza na kalenda ya korosho

Mtafiti anayekwenda Newala, Ruangwa au Kilwa Masoko, kusini mwa Tanzania, kuuliza kaya ziko tayari kulipa kiasi gani ili chemchemi au msitu utunzwe, kwa kawaida huwa amejiandaa vizuri upande wa nadharia. Ana fomula ya sampuli, ana dodoso lililopitishwa na msimamizi wake, ana programu kwenye kishikwambi. Kinachokosekana mara nyingi ni kalenda. Dodoso lilelile likiulizwa Novemba, minada ya korosho ikiwa imechangamka na malipo yanaingia, kisha likaulizwa Machi, chakula cha mwaka jana kikiwa kimekwisha na mahindi bado yako shambani, litaleta majibu ambayo ukiyaweka pamoja utadhani ni ya miji miwili. Hakuna anayedanganya katika majibu hayo. Fedha ya Kusini huja kwa mkupuo, na mtu akiulizwa atatoa shilingi ngapi, hujibu kwa kuangalia mfuko alionao siku hiyo.

Kwa hiyo amua mambo mawili kabla hujaandika swali lolote la kiasi: utauliza lini, na malipo yatapita njia gani. Mengine yote yanafuata hapo.

Tuanze na lini. Mvua za Mtwara na Lindi ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na mara nyingi hukatika kidogo katikati, Januari au Februari. Palizi hushika miezi ya mwanzo wa mwaka. Juni hadi Agosti mkulima wa korosho yuko kwenye kupulizia salfa na viuatilifu vingine dhidi ya ubwiri unga, kwa hiyo fedha inatoka kuliko inavyoingia. Korosho zinaokotwa zaidi Oktoba hadi Desemba. Utafiti wenye bajeti ya kutosha ugawe sampuli nusu kwa nusu: nusu moja iulizwe baada ya malipo ya minada, nusu nyingine wakati wa palizi. Ziwe kaya tofauti, si zilezile mara mbili, maana aliyeulizwa mwanzo anakikumbuka kiasi alichotajiwa na anakishikilia. Kama unaweza kwenda mara moja tu, nenda Mei au Juni, mavuno ya chakula yakiwa yameingia nyumbani, na uulize malipo ya mwaka mzima badala ya mwezi. Na mwezi wa mahojiano uandikwe kwenye ripoti, palepale ilipo thamani yenyewe, usiachwe kwenye kiambatisho.

Pwani kuna kalenda nyingine ndani ya ile kubwa. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa sana mida ya asubuhi, na wanawake wengi wa Mikindani, Msimbati au Kilwa Kivinje huwa wako chini pwani wakitafuta pweza na kombe, au wakihudumia mwani. Mdadisi anayegonga hodi saa nne asubuhi siku hizo atawakuta wanaume, wazee na watoto. Sampuli itaonekana imekamilika, ila waliokosekana ndio hasa wanaoitegemea pwani. Panga mahojiano ya asubuhi wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hayakupwi sana, na siku za bamvua yafanyike baada ya alasiri. Ijumaa mchana usipange kitu.

Sasa njia ya malipo, ambako ndiko tafiti nyingi huharibika. Mtu hawezi kujibu kwa dhati kama hajui fedha itachukuliwaje na nani ataishika. Miji hii ina njia tatu zinazoeleweka na kila mtu: nyongeza kwenye bili ya maji au bei ya ndoo kwenye kioski, mchango wa mtaa au kitongoji wenye risiti, na makato kwa kila kilo ya korosho kupitia chama cha msingi cha ushirika. Kila moja ina kasoro yake. Chukua kaya inayouza kilo 600: makato ya shilingi 10 kwa kilo ni 6,000 kwa mwaka, sawasawa na mchango wa 500 kila mwezi. Kwenye hesabu ni kitu kimoja, ila majibu yatatofautiana. Makato hayaumi kwa sababu fedha haijafika mkononi, lakini yanawaacha nje mwalimu, fundi cherehani, mwenye bodaboda na mpangaji asiye na mikorosho. Zaidi ya hapo, wakulima wana kumbukumbu ndefu na makato, na neno lenyewe linawafanya wengine wakatae kabla hujamaliza sentensi. Mchango wa kila mwezi unamgusa kila mtu, ila wakati wa palizi mkulima atakuambia hana, na ni kweli hana. Tunapendelea mchango wa mwaka unaolipwa mara moja, mwezi uliotajwa, kwenye akaunti ya kamati iliyochaguliwa na mkutano wa hadhara. Ukiamua vinginevyo, ni sawa, mradi njia iwe moja kwa wahojiwa wote na uieleze.

Kitu chenyewe kinachopimwa lazima kiwe na jina, mipaka na mabadiliko yanayoonekana. "Kutunza mazingira" hakina bei. Maelezo yenye uzito yanakaribia haya: "Chemchemi mnayochota ina maji mwaka mzima, lakini Septemba na Oktoba foleni inafika saa mbili. Miti ya juu yake imekatwa. Kamati inapendekeza kuweka mipaka ya mita 60 kuizunguka, kuzuia kulima na kuchoma moto ndani yake, kupanda miti ya asili na kuajiri walinzi wawili. Lengo ni foleni isizidi nusu saa wakati wa kiangazi ndani ya miaka 5. Mpango utaanza tu kama kaya nyingi zitakubali kuchangia, na ukianza kila kaya itachangia. Kumbuka kwamba fedha hiyo hutaweza kuitumia kwa ada, dawa au chakula. Kama mchango ungekuwa shilingi 6,000 kwa mwaka, ukilipwa Desemba, ungepiga kura ya ndiyo au hapana?" Mita 60 si namba ya kubuni: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya umbali huo kutoka mito, mabwawa na fukwe. Mwananchi akisikia kipimo ambacho ofisa wa halmashauri ameshawahi kukitaja, mpango unaacha kuwa hadithi ya mtafiti. Lakini ahadi kama ile ya foleni iandikwe pamoja na mtaalamu wa maji wa wilaya. Usiahidi kitu ambacho miti haiwezi kukifanya kwa miaka 5.

Muundo wa ndiyo au hapana kwa kiasi kimoja ulipendekezwa mwaka 1993 na jopo lililoongozwa na wachumi Kenneth Arrow na Robert Solow, lililoundwa Marekani baada ya mabishano ya fidia yaliyofuata kumwagika kwa mafuta ya meli Exxon Valdez mwaka 1989. Kwetu unafaa kwa sababu ya karibu zaidi: mwananchi wa mji mdogo amezoea kupiga kura ya mikono kwenye mkutano, hajazoea kuutajia bei mti. Swali la wazi, "ungelipa ngapi?", huzaa sifuri nyingi na makadirio ya heshima, mtu akitaja kiasi ili asimvunje moyo mgeni.

Viasi vipatikane kwenye majaribio. Hoji kaya 30 hadi 40 kwa swali la wazi, mtaa ambao hautakuwemo kwenye utafiti wenyewe, kisha chagua viasi vinne: cha chini ambacho karibu wote wanakubali, cha juu ambacho wachache tu wanakubali, na viwili vya kati. Kila kaya ipangiwe kiasi kimoja kwa bahati nasibu kabla mdadisi hajatoka ofisini. Ukimwachia mdadisi achague, atawapa wenye nyumba za bati viasi vikubwa bila hata kujitambua.

Hesabu ya chini kabisa haihitaji programu ya gharama. Tuseme, kwa mfano tu, viasi vya mwaka ni 3,000, 6,000, 12,000 na 24,000, na waliosema ndiyo ni asilimia 80, 60, 35 na 10. Zidisha kila asilimia kwa pengo kati ya kiasi hicho na kilichotangulia: 0.80 × 3,000 ni 2,400, 0.60 × 3,000 ni 1,800; 0.35 × 6,000 ni 2,100, 0.10 × 12,000 ni 1,200. Jumla ni shilingi 7,500 kwa kaya kwa mwaka. Hiki ni kikomo cha chini, na ndicho cha kupeleka kwa halmashauri hata kama umekokotoa wastani mkubwa zaidi kwa logiti, hesabu ya kitakwimu ya majibu ya ndiyo au hapana. Mji wa kaya 1,200 unakupa milioni 9 kwa mwaka. Iweke mezani na gharama halisi za walinzi, miche na alama za mipaka, uone kama fedha hizo zinatosha.

Ukubwa wa sampuli nao una mtego. Fomula ya Yamane, n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni sampuli, N ni kaya zote na e ni kosa linalokubalika, kwa kaya 1,200 na kosa la asilimia 5 inatoa 300. Wengi huishia hapo. Lakini ukigawa 300 kwa misimu miwili na viasi vinne, kila kisanduku, yaani kiasi kimoja ndani ya msimu mmoja, kinabaki na watu 37 au 38, wachache mno. Tunashauri visipungue 50, yaani kaya 400, na uongeze kama asilimia 10 kwa ajili ya dodoso zitakazoharibika.

Orodha ya kaya usiichukue ilivyo kwenye daftari la mtendaji. Nyumba moja ya Kiswahili inaweza kuwa na kaya tatu za wapangaji wanaogawana ua mmoja, huku daftari lina jina la mwenye nyumba aliyehamia Dar es Salaam. Zunguka na mjumbe, andika kila jiko linalopika peke yake. Na kaya ikiwa imefungwa wakati wa kuokota korosho, usiruke kwenda ya jirani. Ulizia, mara nyingi wamehamia shamba na wanarudi gulioni au siku ya ibada. Ukiwaruka, umewatupa wakulima wakubwa na kubaki na watumishi na wafanyabiashara. Tena, andika nani amejibu. Mkuu wa kaya anayejibu habari za maji asiyoyachota hupunguza thamani. Kwa swali la maji au kuni, nusu ya wahojiwa wawe wanawake wa kaya hizo.

"Hapana" ina maana zaidi ya moja, kwa hiyo fuatilia kila moja kwa swali la sababu. "Sina uwezo" na "chemchemi hainisaidii" ni majibu ya kweli ya thamani, yanabaki. "Fedha zitaliwa" au "hiyo ni kazi ya serikali" ni kuipinga njia ya malipo, hakuhusu chemchemi. Usiyafute kimyakimya. Toa matokeo mara mbili, yakiwemo na yasipokuwemo. Yakipita takriban robo ya wahojiwa, umejifunza jambo kuhusu imani kwa viongozi, na hilo halmashauri inalihitaji kuliko bei. Kaya isiyo na fedha taslimu iulizwe pia siku za kazi: ingetoa siku ngapi kwa mwaka kusafisha barabara za moto, yaani njia zinazofyekwa ili moto usivuke? Usizigeuze shilingi kwa ujira kamili wa kibarua. Theluthi hadi nusu ya ujira ndiyo kawaida, na uonyeshe hesabu zote mbili, ya theluthi na ya nusu.

Kwa bidhaa zenye soko, acha dodoso la utayari wa kulipa, tumia bei. Mkaa kwa gunia, ukipima gunia lenyewe kwa mizani maana yenye lumbesa hayalingani. Kuni kwa mzigo. Maji kwa dumu la lita 20, bei ya mvua na bei ya kiangazi. Mbao za mpingo zina kumbukumbu nzuri Kilwa, ambako misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri. Serikali ya kijiji ina vitabu vya mauzo, omba kuviona. Nguzo za mikoko huhesabiwa kwa korja, yaani 20, na bei hutegemea unene, kama ni fito, pau, mazio au boriti. Ukataji wa mikoko bila kibali ni kosa, kwa hiyo muulize muuzaji na mjenzi bei, usimuulize mtu kama yeye hukata. Ukishawatia hofu siku ya kwanza, mtaa mzima umefungwa.

Usijumlishe visivyoweza kuwepo pamoja. Mti uliouzwa kama mkaa hauwezi kuhesabiwa tena kama kivuli cha chemchemi. Vilevile, kama umepima gharama ya kujenga kisima cha mvua kuwa mbadala wa chemchemi (paa la bati la mita za mraba 40 hutoa kama lita 32 kwa kila milimita ya mvua, ukitoa asilimia 20 ya upotevu), chagua namba hiyo au ya utayari wa kulipa. Zote mbili zinapima maji yaleyale.

Barua ya utambulisho ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya, halmashauri, kata, mpaka mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Tenga wiki mbili, na posho za wajumbe ziwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Matokeo yarudi kabla halmashauri haijafunga makadirio ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Mipango ya ngazi za chini huanza kukusanywa mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili ufike Oktoba. Ukurasa wa kwanza uwe na kiasi kwa kaya, mwezi ulioulizwa, njia ya malipo na idadi ya waliokataa kwa sababu ya kutoamini. Wa pili ramani ya chemchemi au msitu wenyewe. Nakala moja ibandikwe ofisi ya mtaa, na nyingine isomwe kwenye mkutano wa hadhara na mjumbe wa kamati ya maji.