Re: Kuku 20 wa mayai, nipunguze vipi gharama ya chakula?

Ndugu, kwa kuku 20 mimi ningenunua chakula cha kutagia kilichochanganywa tayari. Kuku mmoja hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, hivyo mfuko wa kilo 50 utakufikisha karibu wiki tatu.

Wazo lako la kukiongezea pumba nusu kwa nusu liache kabisa, tafadhali. Kuku anayetaga anahitaji protini asilimia 16 hadi 18 na kalisi (madini ya kujenga ganda la yai) karibu asilimia 4. Pumba haina kiasi hicho, kwa hiyo tumbo litajaa na mayai yatapungua. Piga hesabu ya gharama ya chakula kwa kila trei ya mayai, usiangalie bei ya mfuko tu.

Pa kuokoa pesa ni kwingine: chombo cha chakula kisijazwe zaidi ya theluthi moja, maana chakula kingi huishia kwenye maranda. Wape mchicha na majani ya mlonge, na maganda ya konokono yaliyosagwa uyaweke kwenye chombo cha pembeni wajilie wenyewe.

Kuchanganya mwenyewe kunalipa ukishirikiana na majirani kununua mashudu ya alizeti, dagaa na mahindi wakati wa mavuno. Mahindi yenye ukungu usiyaguse hata yakiuzwa bei ya kutupa, yana sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu.

Hapo ulipo mfuko ni bei gani?