Kabla hujagusa kabureta ya SU kwenye MGB, chuchumaa uitazame chini

MGB yangu, gari dogo la michezo la Kiingereza, ni ya 1973. Nilipoinunua hapa Nairobi ilikuwa inamisi, nikaipeleka gereji. Fundi alizoea SU aina ya HS4, ile unayoityuni kwa kuzungusha nati iliyo chini ya jeti, yaani kitundu kinachopitisha petroli. Akapapasa, nati hakuiona, akafungua skrubu nne za kifuniko cha chini akidhani imefichwa humo. Kesho yake niliwasha gari, nikainua boneti: petroli inadondoka tone kwa tone juu ya bamba linalokinga kabureta na joto la ekzosi. Sili ya mpira ya kile kifuniko ilikuwa imekatika. Kwenye injini hii kabureta zimekaa juu ya ekzosi, upande uleule. Nilizima gari mikono ikitetemeka.

Yangu ni SU aina ya HIF4, na kuitambua ni kazi ya dakika moja. HS4 ina bakuli la boya, linalokaa petroli, pembeni, kama kikombe kilichoning'inizwa, na kijibomba cha plastiki kinachopeleka petroli kwenye jeti. Kijibomba hicho kikizeeka hukauka na kupasuka, kwa hiyo kikague kwanza. Kwenye HIF4 hukioni kikombe, maana bakuli limo ndani ya kabureta yenyewe, chini. Jeti yake inarekebishwa kwa skrubu ya ubavuni: ukizungusha kulia unaongeza mafuta, kushoto unapunguza. Ndani, jeti imeshikwa na bamba la metali mbili linalojikunja kufuata joto la petroli. Choki nazo, za kuwashia injini ikiwa baridi, ni tofauti. Ya HS4 inashusha jeti. Ya HIF4 ni vali inayozunguka, na sili yake ikichoka gari litakula mafuta kupita kiasi hata ukizungusha skrubu namna gani.

Usinunue spea kwa kutazama mwaka wa gari. MGB zilianza kutoka kiwanda cha Abingdon, Uingereza, mwaka 1962 zikiwa na HS4 mbili. Soko la Marekani lilipata HIF4 mapema kuliko Uingereza, kisha kuanzia 1975 gari za huko zikawekewa kabureta moja tu ya Zenith-Stromberg, ambayo pistoni yake imeshikwa na kiwambo cha mpira. Kikitoboka, gari linakosa nguvu. Na hizi gari ni za miaka mingi. Wenyewe wamebadilishiana kabureta mara nyingi.

Ukishajua unayo ipi, tyuni injini ikiwa moto. SU zote hizi mbili zina jaribio lilelile: inua pistoni ya kabureta kidogo sana, kama milimita moja. Mzunguko wa injini ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Injini ikitaka kuzima, ni machache. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, iache hapo. Kama sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, haitulii hata baada ya hayo, shika fimbo ya kipepeo (vali inayofunguka ukikanyaga mafuta) uitikise. Ikicheza, hewa inaingia pembeni na skrubu haitakusaidia.

Sisi wa Nairobi tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Ukityuni hapa ukateremka Mombasa, mafuta yatakuwa machache. Mimi nikifika pwani huongeza skrubu robo mzunguko kwa kila kabureta, halafu nachomoa plagi kutazama rangi. Nataka kahawia, kama udongo mkavu. Ikiwa nyeupe, naongeza tena kidogo.